Utoto Unaisha Lini?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ukambani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi kadhaa havikuweza kufika.)



Asubuhi tuliwauliza swali moja tu: utoto unaisha lini? Mzee mmoja alijibu upesi, ukiisha kutahiriwa. Kijana akasema, ukipata kitambulisho. Mama mmoja akasema mtoto wake ana miaka 35 na bado anamlisha, na sote tukacheka. Lakini mwingine, ambaye hakucheka, alisema utoto unaisha siku mama anapougua. Tuliyaandika majibu hayo ubaoni na hatukuyafuta, kwa sababu kila moja lina historia yake. Mtoto ni yule yule, analia na kucheza jinsi walivyolia na kucheza babu zake. Kinachobadilika ni sisi watu wazima, yaani jinsi tunavyomhesabu.

Tuanze na zamani, na tuanze hapa kwetu. Marehemu John Mbiti, mtu wa Kitui aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa chuo kikuu, aliandika kwamba kwa Wakamba mtoto alipewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na siku iliyofuata baba alimvika mkufu. Kabla ya hapo alihesabiwa kama kitu cha mizimu. Baada ya hapo ndipo akawa mtu. Akina nyanya waliopo hapa wanajua sababu. Watoto wachanga walikufa wengi, na moyo wa mama ulihitaji siku chache kabla ya kuthubutu kusema, huyu amekuja kukaa.

Kisha mtoto hakuhesabiwa kwa miaka. Alihesabiwa kwa kazi aliyoiweza na kwa sherehe aliyoipita. Kwanza anachunga ndama, baadaye mbuzi, baadaye ng'ombe. Msichana anabeba kibuyu kidogo, kisha kikubwa, kisha mtoto mgongoni. Kulikuwa na nzaiko nini, na baadaye nzaiko nene, ambayo ilikuwa hasa ya mafundisho. Ukiulizwa ulizaliwa lini, ulitaja njaa. Wapo hapa waliozaliwa yua ya Ndeke, mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kwa ndege. Wapo waliozaliwa mwaka 1984, ile tuliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa na pesa nimeshika mkononi. Hata Mzee Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza, hakuna anayejua tarehe yake ya kuzaliwa. Hakuwa na haja nayo alipokuwa mdogo. Rika lake lilijulikana, basi.

Uzuri wa mpango ule ni kwamba mtoto hakuwa wa nyumba moja. Ukimkuta mtoto wa jirani akirusha mawe kwenye mizinga ya nyuki, ulimrudi wewe mwenyewe, na jioni babake alikuja kukushukuru. Leo ukimrudi, babake anakuja, lakini si kukushukuru.

Lakini jamani, tusiipake zamani asali. Kwenye njaa kubwa ya Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake na watoto wa Ukambani walipelekwa kwa majirani wa nyanda za juu kama rehani ili waliobaki wapate chakula. Wengine hawakurudi. Msichana alikeketwa, na jambo hilo sheria ya mwaka 2011 imelipiga marufuku kabisa. Na mtoto hakuulizwa neno. Tunapowasikia wazee wakisema watoto wa zamani walikuwa na heshima, tunakubali. Ila tunajiuliza pia ni wangapi kati yao walinyamaza tu.

Halafu akaja mzungu na kipande. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1920 kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba. Hapo ndipo miaka ilipoanza kuhesabiwa kwa nguvu, tena si kwa ajili ya kumlinda mtoto. Ilikuwa ya kujua nani alipe kodi na nani aende kazini. Na kama mashamba ya walowezi yalikosa mikono, miaka ilisahauliwa. Mnamo Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka kuhusu wafanyakazi. Ndani yake alielekeza kwamba pale mashamba yanapopakana na makazi ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Neno lilikuwa "kuhimizwa", lakini machifu waliopokea himizo hilo walijua maana yake. Mambo ya wanawake na wasichana kulazimishwa kazi za mashamba ni moja ya malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku asimame, hadi akakamatwa Machi 1922.

Wakati huo huo shule za misheni zilikuwa zinaleta wazo lingine, kwamba mtoto ni mwanafunzi. Wazazi wengi hawakulipenda. Walisema, na si kwa ujinga, mkimchukua kijana, mbuzi watachungwa na nani? Wengi walipeleka mtoto mmoja shuleni wakamwacha mwingine na mifugo. Nyumba nyingi za hapa zina ndugu wawili wa namna hiyo, mmoja alistaafu na pensheni, mwingine hajui kusoma barua ya mdogo wake.

Kanisa nalo lilibadilika, tuseme ukweli. Kabla ya mwaka 1910 watoto Wakatoliki sehemu nyingi walingoja hadi miaka 12 au 14 kabla ya kupokea Komunyo ya kwanza. Papa Pius wa 10 akasema mtoto wa kama miaka 7, akiwa na akili ya kutofautisha, asizuiwe. Lilikuwa jambo kubwa. Kumbe mtoto ana akili yake na dhamiri yake tangu mapema.

Baada ya Uhuru, shule ndiyo ikawa utoto wenyewe. Nyinyi mnakumbuka harambee za kujenga madarasa, mawe mlibeba wenyewe. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne. Mwaka 1979 ikaondoa iliyobaki, na maziwa ya shule yakaanza. Baadaye likaja neno la kugawana gharama, na watoto wakarudi nyumbani kimya kimya, wasichana wakiwa wa kwanza. Januari 2003 milango ilifunguliwa tena. Watoto katika shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Hao zaidi ya milioni moja hawakuzaliwa usiku wa mwaka mpya. Walikuwepo mashambani, mitoni na majikoni kwa watu. Hatukuwa tunawahesabu.

Tena mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alivaa kaptura ya shule huko Eldoret akakaa darasa la kwanza. Watu walimcheka mwanzoni. Sisi tunaona alikuja kudai kitu ambacho hakukipata wakati wake.

Sheria nayo ilikuwa inatembea, polepole kama punda mwenye mzigo. Mwaka 1971 ndipo sheria ya kuandikisha vizazi ilipofika nchi nzima. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na Kenya ikauridhia mwaka 1990. Mwaka 2001 tukapata Sheria ya Watoto, na mwaka huo huo kiboko kikaondolewa shuleni, angalau kwenye karatasi. Katiba ya 2010 ikasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikasema hakuna ndoa kabla ya umri huo. Na Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa mtoto kuhesabiwa kuwa mkosaji mbele ya mahakama, kutoka miaka 8 hadi 12.

Jambo moja tuliseme kwa urefu kidogo, kwa kuwa akina mama wengi hapa linawahusu. Mwaka 1959 kulikuwa na sheria iliyomwezesha mama ambaye hakuolewa kumdai baba wa mtoto matunzo mahakamani. Mwaka 1969 Bunge letu wenyewe, Bunge la wanaume, liliifuta. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtoto wa nje ya ndoa alikuwa mzigo wa mama peke yake, naye mtoto akaitwa majina. Katiba ya 2010 ndiyo iliyosema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Kwa hiyo mtoto alipewa haki, akanyang'anywa, akarudishiwa, yote katika umri wa mtu mmoja. Tunasema hivi ili msidhani mambo haya husonga mbele tu kama maji ya mto. Yanaweza kurudi nyuma pia.

Sasa tufike kwenye daftari lenu, maana hilo ndilo lililotuleta.

Katika vikundi vingi tunavyovitembelea, kanuni ya mwethya ni kwamba kila nyumba ilete mtu mmoja, na isiyoleta itozwe faini. Ni kanuni nzuri, inazuia uvivu. Kikundi kinachimba matuta au kinajenga bwawa la mchanga, katibu anaita majina, nyumba ya fulani, yupo. Anaweka alama. Lakini tukikaa kando chini ya mwembe na kutazama ni nani hasa anayebeba mawe, tunaona nini? Baba yuko Nairobi au Mombasa. Mama yuko sokoni, ama ana mgonjwa. Aliyebeba mawe ni msichana wa miaka 12. Daftari linasema nyumba ipo. Daftari la mwalimu, siku hiyo hiyo, linasema mtoto hayupo.

Hakuna aliyedanganya. Katibu anaandika kilichopo. Mama anaogopa faini ya shilingi 200 ambayo hana. Kikundi kinataka bwawa liishe kabla ya mvua ya Novemba. Lakini mwethya ukiwa kila Jumatano, na muhula ukiwa na wiki 12, huyo msichana amekosa siku 12. Mwalimu anapofundisha sehemu za hesabu Jumatano, msichana anarudi Alhamisi anakuta ubao umefutwa. Baada ya mihula mitatu tunasema, huyu kichwa chake ni kigumu, heri aende mjini akafanye kazi ya nyumba. Tunaijua njia hiyo. Tumewafuata wasichana kadhaa hadi mwisho wake, na wengine tuliwaleta nyumbani wakiwa na mimba. Wavulana njia yao inapita mtoni, kwenye malori ya mchanga. Dereva analipa siku hiyo hiyo, na mvulana wa miaka 14 mwenye noti mfukoni hawezi kuambiwa tena yeye ni mtoto.

Mzee mmoja alituuliza wakati wa mapumziko, basi mnataka watoto wasifanye kazi, wakae kama mayai? Hapana mzee wetu. Mtoto kuchota maji baada ya shule, kufunga mbuzi, kumsaidia mamake kupalilia Jumamosi, hayo ni malezi na hakuna sheria ya Kenya inayoyakataza. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa kwa namna yoyote. Wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru na isiyomtoa shuleni. Tofauti ni hii. Mtoto akisaidia mtu mzima, ni malezi. Mtoto akishika nafasi ya mtu mzima, ili hesabu ya watu wazima itimie, hapo tumemfanya kibarua asiyelipwa.

Na wazee wenyewe asubuhi walitusaidia bila kujua. Tuliwauliza mwethya wa zamani ulikuwaje. Walisema watoto walikuwepo, walileta maji na uji, walitunza wadogo chini ya mti. Lakini nyumba haikuhesabiwa kuwa imefanya kazi kwa sababu ya mtoto. Angalieni basi. Zamani ambayo haikujua miaka ilijua tofauti hiyo, na sisi wenye vyeti vya kuzaliwa tumeisahau.

Kuna nyumba ngumu zaidi, na hapa hatuna jibu la haraka. Ni zile nyumba ambazo mtu mzima hayupo kabisa. UKIMWI ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, vijiji vyetu vilikuwa tayari vina nyumba ambazo mkubwa ni mtoto wa miaka 14. Serikali ilianza mwaka 2004 kujaribu kuzipa familia zinazolea yatima pesa kidogo za kila mwezi, na mpango ukakua. Lakini pesa hazibebi mawe. Yule mtoto amerithi shamba, amerithi wadogo zake, na katika vikundi fulani amerithi pia nafasi ya mamake kwenye daftari, pamoja na faini. Akikosa mara tatu anafutwa, na akifutwa hachoti maji ya bwawa. Tuliona jambo hilo kwa macho. Kikundi hatukitaji, kwa sababu kilibadilika chenyewe, na tungependa mjue kilivyofanya.

Kilikuwa na nyumba 25, na kila nyumba ilipewa mita 5 za mtaro. Mama mmoja, mjane, alisimama akauliza, zile mita 5 za nyumba ya yatima tukizigawana sisi 24, kila mmoja anaongeza kiasi gani? Mwalimu mstaafu akapiga hesabu chini kwa kijiti. Ilikuwa kama sentimita 21. Mama akanyoosha mkono akapima ardhini kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shubiri moja. Kulikuwa na kimya, halafu mwenyekiti akasema mambo yameisha. Waliandika kwenye kanuni zao kwamba nyumba isiyo na mtu mzima inabaki mwanachama kamili, haitozwi faini, na kazi yake inagawanywa. Waliandika pia kwamba jina la aliye chini ya miaka 18 halitawekwa alama ya "yupo" siku ya shule.

Kanuni hiyo ya pili ilileta kelele zaidi. Baba mmoja alisema kijana wake wa miaka 16 ana nguvu kumshinda yeye. Ni kweli kabisa. Pia ni kweli kwamba kijana huyo alikuwa sekondari, na Jumatano alikuwa na somo la kemia. Wakakubaliana Jumamosi na likizo ruhusa, kwa kazi nyepesi, pamoja na mtu mzima wa nyumba hiyo. Si kanuni kamili. Kikundi kingine kinaweza kuandika nzuri zaidi.

Watu wanatuambia, mambo ya watoto yana ofisi yake. Ni kweli, afisa wa watoto yupo, lakini yuko makao makuu ya kaunti ndogo, na nauli ya kwenda na kurudi mnaijua. Iko pia simu ya bure, nambari 116, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Itumieni panapokuwa na hatari. Lakini sisi tunaona hapa ndipo mabadiliko ya miaka hii yalipotuachia pengo. Zamani mtoto alikuwa wa majirani na hakuwa na haki iliyoandikwa. Leo ana haki zilizoandikwa vizuri sana, na majirani wamerudi nyuma hatua mbili wakisema hayo ni ya serikali. Sheria haikuwaambia mrudi nyuma. Kati ya mtoto wa mwanachama wenu na ile ofisi ya mbali, mtu mzima wa karibu zaidi anayeandika jina la nyumba yao kila wiki ni katibu wa kikundi.

Jambo la mwisho ni vyeti. Shule sasa zinadai cheti cha kuzaliwa ili mtoto aandikishwe mitihani. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, habari zake zipelekwe kwa naibu wa chifu mapema. Ikipita miezi 6 inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, karatasi nyingi na safari nyingi. Kikundi kinaweza kumtuma mtu mmoja kwa niaba ya nyumba kumi kwenda kuuliza yanayohitajika. Wakunga wa kijiji mnawafahamu, waombeni wawakumbushe wazazi.

Mkutano wa mwezi ujao utakuwa hapa hapa, saa tatu asubuhi. Makatibu mje na madaftari ya mwethya ya muhula uliopita, na kalamu nyekundu. Tumemwomba mwalimu mkuu atupe orodha ya waliokosa shule siku zile zile, na amekubali. Tutaziweka karatasi mbili hizo bega kwa bega, nyumba kwa nyumba, bila kumwaibisha mtu. Waweka hazina mje na orodha ya faini ambazo hazijalipwa. Tunataka kujua ni ngapi zinadaiwa watoto.

Sasa maswali kabla ya chai. Mama yule wa nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja mchanga. Karibu, mama.